Bastola Yao ni Urithi, Gobore Letu ni Kesi

Aprili 2018, kwenye mnada mmoja huko Illinois, Marekani, bastola moja iliuzwa kwa dola milioni 1.84. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya bilioni 4. Ilikuwa Colt Walker ya mwaka 1847, chuma cha kilo 2 na ushei chenye silinda ya matundu sita. Haivaliwi, hailiwi, hailimi shamba. Aliyeinunua hakuinunua aipige. Ataiweka kwenye kabati la kioo, ataiwashia taa ndogo kwa juu, na siku akifa watoto wake wataipeleka mnadani tena.

Mimi ni mtoto wa Tingi, wilaya ya Nyasa, kule milimani unakopita ukitoka Mbinga kabla hujaanza kuteremka kwenda ziwani Mbamba Bay. Sina wivu na fedha za bwana yule. Ninachomwonea wivu ni usingizi wake. Ana bunduki ya karne ya 19 ndani ya nyumba na halali roho juu. Nyumbani kwetu bunduki ya karne hiyo hiyo ilifichwa darini nyuma ya magunia ya mahindi kwa miaka mingi kama bangi, na mwisho wake haikuuzwa mnadani. Ilienda kuchomwa moto.

Nataka kugombana na watu wawili katika makala haya. Wa kwanza ni mkusanyaji wa kule, anayeiita silaha sanaa na kuifuta damu. Wa pili ni sisi wa huku, tunaoliita kila gobore jinai na kufuta historia. Wamekaa mbali, lakini wanafanya kazi moja.

Tuanze na chuma chenyewe, maana wengi wetu tunabishana juu ya silaha kwa elimu ya sinema. Kabla ya karne ya 19 bunduki nyingi ziliwaka kwa jiwe: nyundo iliyobana kipande cha gumegume iligonga chuma, cheche ikarukia baruti. Mvua ikinyesha, umekwisha. Mwaka 1807 mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, alisajili hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Miaka michache baadaye kemikali hiyo ikawekwa ndani ya kofia ndogo ya shaba, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kofia hiyo unaivisha juu ya kibomba chenye tundu, nyundo inaigonga, moto unapita tunduni. Wazee wetu waliiita fataki, na bunduki yake wakaiita bunduki ya fataki. Kizazi chetu kinalijua neno hilo kwa mwanga wa angani usiku wa mwaka mpya, au kwa yule mzee wa matangazo ya redioni aliyekuwa akiwanyemelea wanafunzi. Kumbe ni jina la kifaa kilichogeuza vita dunia nzima.

Samuel Colt alichofanya katika miaka ya 1830 ni kuchukua fataki hiyo na kuipanga kwenye silinda inayozunguka, ili mtu mmoja apige mara tano au sita bila kushindilia upya. Basi. Bastola ya dola milioni 1.84 na gobore la babu wa Tingi ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanashindiliwa baruti na risasi, yote mawili yanavishwa fataki, yote mawili yanapigwa na nyundo. Tofauti ni silinda moja, na bahari moja katikati.

Sasa tazama sheria zinavyowatendea ndugu hawa. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inasema silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale, na kwa sheria hiyo ya taifa haihesabiwi hata kuwa bunduki. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka huo huo wa 1968, inamruhusu mtu kuwa na silaha ya kale akiiweka kama kitu cha ajabu au pambo. Pambo! Nchi zilizotengeneza bunduki hizi na kuzimwaga duniani zimejiwekea mlango wa kuzipenda.

Sisi tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na si sheria ya kudharau. Imechora mstari mwaka 1863: kitu kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka huo kina hadhi ya pekee. Imeitaja hata milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, ikailinda. Halafu tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na juu yake ile misamaha ya serikali ya kusalimisha silaha kwa hiari mwezi Septemba na Oktoba. Sheria hizi mbili ziko ofisi tofauti na, kwa nilivyoona kwetu, hazisalimiani. Anayeujua mwaka 1863 hayupo kituoni siku gobore linapopokelewa. Anayelipokea hana sababu ya kuuliza lina umri gani, kwa sababu fomu yake haina mstari huo.

Nitoe mfano ninaoujua. Gobore la babu yangu mzaa mama lilikuwa na bamba la chuma ubavuni lenye taji lililofutika nusu, na chini yake herufi T, O, W. Nilikuwa darasa la sita nilipozisoma mara ya kwanza, nikadhani ni jina la mtu. Ni muhuri wa Tower, ngome ya London, uliogongwa kwenye bunduki nyingi zilizouzwa Afrika. Mtambo ulionyesha wazi kwamba hapo mwanzo ilikuwa ya gumegume. Mtu fulani aliuziba upenyo wa zamani na kufunga kibomba cha fataki. Kitako hakikuwa cha Uingereza hata kidogo: kilikuwa mti wa kwetu, kimechongwa upya, kimefungwa kwa waya wa shaba, na karibu na bega kilikuwa na mistari mitatu mifupi iliyokatwa kwa kisu. Mdeki wake ulishapotea. Mahali pake palichomekwa nondo nyembamba. Nyundo ilishagandana kwa kutu. Mimi nililikuta limekufa. Nyani wa mashambani walikuwa hawaliogopi tena.

Mistari mitatu ile bibi alikuwa na maelezo yake, na kila mjomba alikuwa na ya kwake. Mmoja alisema ni chui watatu. Mwingine alisema ni wamiliki watatu. Bibi alisema ni watu, kisha akabadilisha mazungumzo.

Katika mojawapo ya misamaha ile, mtendaji alipita akitangaza, na bibi, ambaye hajawahi kulala na kosa la mtu, akalifunga kwenye khanga na kulipeleka. Alipewa karatasi yenye maneno matatu: gobore, moja, bovu. Niliposikia niliandika barua kuomba kulipiga picha tu, nieleze na muhuri wake. Nilielekezwa ofisi ya pili, ya pili ikanielekeza ya tatu, na ya tatu ikanijibu kwa upole kwamba vitu hivyo vimeshaondoka kwenda kuteketezwa. Sina ugomvi na afisa aliyeandika yale maneno matatu. Alifanya alichofundishwa. Ugomvi wangu ni na nchi inayomtuma mtu kupokea karne moja na nusu na kumpa nafasi ya maneno matatu.

Maana hebu tuhesabu kilichokuwa ndani ya bovu lile. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza kule Unguja, Euan-Smith, aliripoti kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka kupitia biashara ile ya pwani. Kwa mwaka! Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya: kila jeshi lilipopata bunduki mpya, la zamani likawa soko letu. Zilipanda bara na merikani na shanga, zikateremsha pembe na watu. Njia moja ya misafara ilikuja mpaka Ziwa Nyasa, na watumwa wakavushwa ziwani na kutembezwa hadi Kilwa. Huku kwetu Wangoni walikuwa wameshaingia kutoka kusini, na Wamatengo wakapanda juu zaidi milimani kuwakimbia. Ngoro, yale mashimo ya kilimo tunayojivunia mbele ya wageni, wazee wanayahusisha na wakati ule watu walipobanana kwenye miteremko wakalazimika kuifanya iwalishe. Bunduki yenye muhuri wa London iliyofika Tingi ilipita katikati ya mambo haya yote. Haikudondoka kutoka mbinguni.

Kisha ikaja mwaka 1890. Mataifa makubwa yalikaa Brussels na kusaini mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka marufuku ya silaha katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Lakini walitoa ruhusa moja: mahali fulani mwafrika angeweza kuuziwa bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Someni tena. Miaka 83 baada ya mchungaji wa Uskoti kuifanya gumegume kuwa kitu cha kizamani, na miaka sita hivi baada ya Maxim kuunda bunduki inayojipiga yenyewe mfululizo, walikaa mezani wakaamua kwamba kwa mtu mweusi jiwe linatosha. Kofia ile ndogo ya shaba ilikuwa ndiyo mpaka. Fundi asiyejulikana aliyeigeuza gumegume ya babu kuwa ya fataki, iwe alifanya kabla ya mkataba ule au baada, alivuka kwa tupa na nyundo mpaka ambao mataifa yaliuchora kwa wino. Mimi nasoma shahada ya uzamili, na sijasoma darasani hadithi ya uhandisi ya karne ile iliyo bora kuliko hiyo. Ushahidi wake ulikuwa ubavuni mwa chuma. Tumeuyeyusha.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni, watu walikwenda na mikuki, ngao, mishale na magobore kukabili bunduki za rashasha. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji 67 pale Songea. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na kichwa chake tunaamini kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier alisimama Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha. Tukamsikiliza, na tukasema sawasawa: rudisheni mifupa yetu. Tunamdai pia mjusi wa Tendaguru aliyesimamishwa Berlin. Mimi niko kwenye foleni hiyo ya madai, sitoki. Lakini mdai anapaswa kuwa na nyumba yenye rafu. Tunawadai Wajerumani kichwa walichokichukua mwaka 1906, huku kilichokuwa mkononi mwa watu wa wakati ule tunakikusanya wenyewe kijiji kwa kijiji na kukimwagia mafuta. Baada ya vita vile Wajerumani nao walikusanya silaha. Angalau wao walikuwa adui.

Najua nitakachoambiwa. Gobore linaua. Kweli, linaua. Majangili wameangusha tembo kwa magobore, ugomvi wa mipaka ya shamba umeisha kwa gobore, na wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa silaha hizo hizo. Mama aliyepoteza mtoto kwa gobore hana haja ya somo langu kuhusu mwaka 1890, na mbele yake ningenyamaza. Tanzania pia imefungwa na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kupunguza silaha ndogo, na ni jambo jema. Sisemi magobore yarudishwe darini. Nasema kuua na kukumbuka ni kazi mbili, na chuma kinaweza kuachishwa ya kwanza kikabaki na ya pili. Ziba mtutu kwa kuchomelea. Ng'oa kibomba cha fataki. Toboa ubavu wa mtutu. Fundi wa gereji ya Mbinga anamaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, na baada ya hapo gobore lile haliwezi kumuua hata panya, labda limwangukie.

Wengine wataniambia: hizo si zetu, ni za wazungu, ziacheni ziungue. Hoja hii inavaa nguo za uzalendo lakini haijavaa viatu. Kahawa inayosomesha watoto wa Mbinga ilitoka wapi? Muhogo je, tunaoula na dagaa wa ziwani? Na khanga aliyolifungia bibi gobore lile? Kitu hakiwi chetu kwa sababu kilizaliwa hapa. Kinakuwa chetu tunapokitumia, tunapokitengeneza kikiharibika, tunapokipa jina, tunapokiogopa. Kitako cha mti wa Umatengo kwenye mtutu wa London ni chetu kuliko sanamu nyingi za twiga zinazouzwa kwa watalii.

Basi mkusanyaji wa Illinois ndiye shujaa? Hapana, na hapa namgeukia. Wauzaji na wapenzi wa bastola za fataki wana lugha yao. Watakueleza ni asilimia ngapi ya rangi ya samawati ya kiwandani imebaki kwenye chuma. Watakueleza kama namba za mtutu, fremu na silinda zinalingana, kama skrubu zimewahi kuguswa, kama sanduku lake la mbao ndilo la asili. Ni elimu ya kweli na ninaiheshimu; ningetamani sisi tungekuwa na nusu ya umakini huo. Lakini kwenye silinda ya Colt Walker kumenakshiwa picha: askari wa Texas juu ya farasi wakiwapiga Wakomanche. Waliopigwa wapo pale pale juu ya chuma, wamezungushwa silinda nzima kama maua kwenye kikombe cha chai. Mkusanyaji anawatazama kwa darubini kuhakikisha nakshi haijafutika. Kadiri wanaokufa wanavyoonekana vizuri, ndivyo bei inavyopanda. Nani alikuwa nani kati yao, katalogi haina nafasi.

Na usidhani bastola hizo hazituhusu. Ziliwafuata wasafiri wa Ulaya katika pande zetu. Mwaka 1855 huko Berbera, Speke alikuwa na bastola ya silinda mkononi kambi yao iliposhambuliwa, na silinda ikagoma kuzunguka. Miaka mitatu baadaye mtu huyo huyo alikuwa Ujiji. Hata ziwani kwetu silaha zilitangulia habari: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliifyatulia mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa matengenezoni pale Liuli. Wajerumani wa kule walikuwa hawajapata hata taarifa kwamba vita vimeanza. Waingereza hukisimulia kisa hicho kwa kicheko, kwamba manahodha wale wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Wavuvi wa Liuli waliosikia mizinga ile asubuhi hawamo kwenye kicheko hicho.

Ndiyo maana nasema mkusanyaji na mchomaji wanafanya kazi moja. Mmoja anakihifadhi chuma na kumtupa mtu. Mwingine anakitupa chuma, na mtu anakwenda nacho. Mwisho wa yote, anayetaka kujua bunduki ilifanya nini Tingi hana pa kuuliza, kule wala huku.

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, siku silaha zinapokusanywa, awepo mtu mmoja wa mambo ya kale kwenye meza ile. Mmoja kwa mkoa anatosha, na vijana waliosoma akiolojia na urithi wakakaa nyumbani bila ajira wapo. Pili, kabla silaha ya kushindilia haijapakiwa, ipigwe picha, muhuri wake usomwe, na aliyeileta aulizwe maswali matano: ilitoka kwa nani, ilifanya nini, nani aliitengeneza, ina jina, na alama hizi ni za nini. Nusu saa. Tatu, zile zenye umri na habari ziuawe mtutu, zipelekwe Songea kwenye makumbusho, au zibaki kwenye ofisi ya kata nyuma ya kioo, zikiwa na jina la kijiji na jina la aliyechonga kitako kama linajulikana. Zinazobaki zichomwe, na mimi nitakuja kupiga makofi.

Na wewe msomaji, uliyesoma hadi chuo na unajua majina ya bastola zote za sinema za kina John Wayne, usisubiri waraka. Septemba haiko mbali. Kijijini kwenu kuna nyumba yenye kitu nyuma ya magunia, na kuna bibi ambaye atakifunga kwenye khanga na kukipeleka, kwa sababu ni raia mwema. Mwache akipeleke. Lakini nenda kabla yake. Simu yako ina kamera na ina kinasa sauti. Muulize alama zile ni chui, ni wamiliki, au ni watu. Akibadilisha mazungumzo, kaa. Muulize tena kesho.